Nani Abaki Ndani ya Faili?

Ndugu msomaji, kuna swali limenikaa kooni muda mrefu, na kwa kuwa jarida letu hili halijawahi kumfukuza mtu kwa kuuliza, nalileta mbele yako. Mtu anayepunguza kitu cha mwenzake ili kienee mahali padogo, ana haki gani ya kuchagua kipi kitupwe? Ukilisikia hivi hivi utadhani ni swali la wasomi wa chuo kikuu, wale wenye muda wa kubishana mpaka jua linazama. Kwangu mimi ni swali la kazi. Mimi nakonvati video.

Nilipomaliza kidato cha nne Bukoba mjini sikuendelea, nikarudi nyumbani Muleba. Nyumbani tuna kompyuta ya mezani ya mtumba, ina kelele kama mashine ya kusaga, lakini inafanya kazi. Usiku naandikia riwaya yangu (niko sura ya tisa, tafadhali usiniulize niko hapo tangu lini). Mchana inanilisha. Watu huleta DVD za harusi zilizojaa mikwaruzo, CD za zamani ambazo ukizifungua unakuta folda la MPEGAV na ndani yake faili la DAT, simu zilizopasuka vioo, memori kadi zilizosahaulika kwenye mfuko wa suruali mpaka zikafuliwa. Wote ombi lao moja: "Niwekee kwenye simu." Deki zimekufa, kompyuta mpya hazina hata mlango wa CD, lakini simu kila mtu anayo.

Wengi wanadhani kukonvati ni kubadili jina. Nimeshaletewa faili ambalo kijana mmoja alifuta AVI mwishoni akaandika MP4, halafu akashangaa mbona simu bado inakataa. Sisi watu wa Kagera tusingepaswa kukosea hapo, maana mfano tunao shambani. AVI, MP4, MKV, hayo ni magunia. Kahawa ni ile iliyomo ndani, yaani picha na sauti zilizobanwa kwa utaratibu fulani uitwao kodeki. Ukihamisha kahawa kutoka gunia moja kwenda jingine hakuna punje inayopotea, na kazi hiyo hata kompyuta yangu hii kongwe inaimaliza kabla chai haijapoa. Ila mara nyingi simu haikatai gunia, inakataa kahawa. Hapo huna budi kukoboa. Na kahawa ya maganda ikishakobolewa, mwenzangu, ganda halirudi. Ukizidi kubana mpaka kufikia yale mafaili ya 3GP ya simu za vitochi, hapo umeshafika TANICA: umepata unga wa kopo, unakorogwa mara moja unanyweka, lakini hajazaliwa fundi wa kuurudisha unga ule uwe punje.

Kinachotupwa si kidogo. Picha ya DVD ina nukta 720 kwa 576. Ya VCD ina 352 kwa 288. Ile 3GP ya kitochi ina 176 kwa 144. Chukua uso wa mtu uliokuwa na nukta 48 kwa 64 kwenye DVD. Ukiushusha mpaka kwenye kitochi unabaki na kama 12 kwa 16. Nukta 3,072 zimekuwa 192. Macho mawili, pua, mdomo na kovu la utotoni vigawane hizo.

Tena hiyo ni sehemu tu ya habari. Kompyuta haihifadhi kila picha nzima nzima. Inaweka moja kamili, zinazofuata inaandika mabadiliko tu: hapa kimesogea kitu, pale pamebaki vile vile. Waliotunga njia hii (MPEG ya kwanza ilitangazwa kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 1993) walilichunguza jicho la binadamu, wakaamua kutupa kile ambacho jicho halitakililia. Siwabezi, ni akili kubwa, bila wao hakuna ambaye angetazama video kwenye simu. Lakini mashine haijui mtu ni nani. Kwake yeye kinachotikisika ndicho chenye gharama. Sasa piga picha mazishi ya huku kwetu: watu wamesimama kimya kwenye migomba, upepo wa ziwa unavuma. Kila jani linacheza, na kila jani linalocheza linadai data yake. Mjane aliyeketi ametulia anapata makombo. Nimeyaona haya kwa macho yangu siyo mara moja: migomba imetoka safi kabisa, uso wa mfiwa umekuwa vigae.

Programu nayo haiulizi chochote kuhusu mjane. Inauliza namba tu. Unataka ukubwa gani? Unataka kiasi gani cha data kwa sekunde? Anayejaza namba ni mimi, ambaye sikuwapo kwenye msiba ule na wala simjui marehemu.

Mtu atasema, si video tu jamani, mbona unaifanya kesi? Tuvuke Mutukula kidogo tuone yaliyowapata majirani. Kampala, kitongoji cha Wakaliga, yuko mtengeneza filamu Isaac Nabwana. Mwaka 2010 alitoa filamu ya mapigano iitwayo Who Killed Captain Alex?, iliyotengenezwa kwa fedha kiduchu kupita maelezo. Kompyuta yake ilikuwa haina nafasi ya kutosha. Ili apate mahali pa kutengenezea filamu iliyofuata, akaifuta ile. Kilichobaki ni nakala ya DVD yenye sauti ya VJ Emmie, ambaye anazungumza juu ya picha mwanzo mpaka mwisho, anawatania waigizaji, anashangilia, anasifia. Filamu ile imesambaa duniani, na kila aliyeitazama ameitazama pamoja na Emmie. Yenyewe tupu, kabla Emmie hajaisemea, haipo tena popote.

Msinielewe vibaya, mimi ni mtoto wa vibanda umiza. Nimekua nikitazama muvi za Kampala zilizosemewa Kiganda na za kwetu zilizosemewa Kiswahili, na Derek Mukandala, yule aliyejulikana kwa jina la Lufufu, naamini ametufundisha kusimulia vijana wengi kuliko waalimu wetu wa fasihi. Mtafsiri wa muvi anaongeza. Mimi ninapunguza. Ila tunafanana kwa jambo moja: baada yetu, watu wanaona kile tulichowaachia, na wanaamini ndicho kilichokuwapo.

Mfano wa pili uko ziwani kwetu, ng'ambo kidogo tu, kisiwa cha Ukerewe. Aniceti Kitereza alimaliza kuandika kitabu chake kikubwa kwa Kikerewe mwaka 1945. Hakupata wa kukichapa kwa lugha hiyo. Akakaa chini, yeye mwenyewe, akakitafsiri kwa Kiswahili, na hicho cha Kiswahili ndicho kilichochapwa miaka zaidi ya thelathini baadaye, mwandishi akiwa mzee kabisa. Alifariki mwaka 1981. Kwa lugha yetu ya leo tungesema Kitereza alikonvati kitabu chake ili kichezeke kwenye mashine iliyokuwapo. Lakini sikiliza tofauti yake na ya Wakaliga. Mswada wa Kikerewe ulihifadhiwa, na Gabriel Ruhumbika alipotoa tafsiri ya Kiingereza mwaka 2002 aliirudia Kikerewe chenyewe, hakupitia Kiswahili. Mlango wa kurudi ulikuwapo. Ndiyo maana mimi nina sheria yangu moja kazini: sifuti nilicholetewa. Nakipakua chote, nakiweka kwenye diski ya pembeni, ndipo naanza kukoboa. Wenzangu wa mjini wananicheka, eti najaza diski kwa harusi za watu.

Nilidhani sheria hiyo inatosha. Kumbe ndiyo iliyoniletea matatizo.

Habari ninayotaka kuisimulia ni ya kweli, lakini nimegeuza mambo mawili matatu ili wenyewe wasitambulike. Usijisumbue kutafuta ni kata gani.

Mwaka jana alikuja mtu mzima mmoja, anafanya kazi Mwanza, amekuja likizo. Mkononi ana DVD imefungwa kwenye gazeti. Video ya mazishi ya baba yake, mwaka 2010. Akaniambia, "Dogo, niwekee hii kwenye flashi nikawaoneshe watoto babu yao. Ila kuna kipande hapa katikati, ukifika uruke."

Nikaiweka, tukatazama pamoja. Jeneza limeshashuka. Watoto wa marehemu wanapanga mstari kutupa udongo. Mara mzee mmoja wa ukoo anatoka kwenye kundi amemshika mkono mtoto wa kiume, umri kama miaka minane hivi, kavaa shati lililomzidi. Anamsimamisha ukingoni. Anasema kwa sauti ambayo mpiga picha hakuhitaji kusogea ili aipate: "Huyu naye ni wa marehemu. Mama yake yule pale nyuma. Asije mtu kesho akasema hakuambiwa." Kisha mtoto anatupa udongo wake, anarudi nyuma, na binti mdogo kabisa wa marehemu anamshika mkono. Hakuna aliyemwambia amshike.

"Kipande hicho," akasema yule kaka.

Nikamwambia kukata naweza, ila faili nitaliita FUPI, ili anayetazama ajue kuna refu. Na kwa kuwa DVD aliniambia ni ya mama yake, ningependa mama akubali. Akacheka. "Wewe ni fundi au hakimu?" Akachukua DVD yake akaondoka. Nilijisikia mtu wa maana sana kwa wiki nzima. Niliwasimulia hata washikaji wangu kijiweni, bila majina, na wote wakasema nimefanya kiume. Ilikuwa rahisi kweli kweli. Mwana anataka kuficha ndugu, labda kuna kibanja kinagombewa, fundi mwenye dhamiri anakataa. Sinema ya Kihindi.

Wiki iliyofuata akaja mama mwenyewe.

Nilimwamkia, akaitika, nikampa kiti. Alikaa kimya kidogo akiitazama kompyuta kama mtu anayemtazama daktari. Halafu akatoa simu, yenye memori kadi ndogo, na ile DVD kwenye gazeti lile lile. "Mwanangu," akasema, "yule kijana wangu alikuja hapa mkashindwana. Nimekuja mwenyewe. Nataka kumwona mzee wangu anavyosindikizwa, niwe namtazama jioni. Huyo mtoto simchukii. Amekula kwangu mara nyingi tu. Ila mimi nilijua siku ile pale, mbele ya watu wote, nikiwa nimekaa chini. Kila nikiitazama hiyo video, najua upya."

Ndugu msomaji, hapo ujuaji wangu wote ulikwisha.

Maana sasa anayeomba ndiye mwenye haki kubwa kuliko wote. Marehemu ni wake. DVD ni yake. Simu ni yake, jioni ni zake, macho ni yake. Nani amenipa mimi mamlaka ya kumlazimisha mjane wa miaka kumi na mitano ajeruhiwe kila anapotaka kumwona mumewe, ati kwa ajili ya ukweli? Ukweli anao. Anaujua kuliko mimi. Asichokitaka ni kuandaliwa mezani kila siku.

Nikaanza kazi. Kwanza nafasi. Kwenye kadi yake zilibaki kama MB 700, na video ilikuwa ya dakika 110. Ukigawanya unapata kilobiti 850 hivi kwa kila sekunde, wakati DVD yenyewe ilikuwa inatumia zaidi ya 5,000. Nikamweleza: Mama, kitu kitaumia, ama picha ama sauti, uchague. Hakusita. "Sauti usiiguse. Akina mama waliimba vizuri sana siku ile." Nikaiachia sauti sehemu yake nono, picha ikachukua iliyobaki.

Nilipofika kwenye kipande chenyewe nikagundua jambo. Mtoto yule huwezi kumtoa peke yake. Ukimkata yeye, unakata na yule binti mdogo aliyemshika mkono, na unawakata nusu ya watoto waliokuwa wanatupa udongo, kwa sababu anaonekana nyuma yao, ana lile shati lake kubwa. Nikamwonesha. Nikamwambia, Mama, nikimtoa huyu namtoa na huyu wako. Alitazama muda mrefu. Mkono wa simu ulikuwa unatetemeka kidogo, lakini sauti haikutetemeka. "Basi waache wapite," akasema. "Pale mzee anapomtaja ndipo uzime."

Picha na sauti ndani ya faili ni njia mbili tofauti zinazokwenda sambamba, kama nilivyosema ni kahawa mbili kwenye gunia moja. Unaweza kunyamazisha moja bila kuigusa nyingine. Nikazima sekunde arobaini na kidogo. Kwenye simu ya mama, mzee wa ukoo anatoka kwenye kundi, anafungua mdomo, anafunga mdomo. Mtoto asiyejulikana anatupa udongo na kushikwa mkono. Halafu nyimbo zinarudi.

Alilipa, nikamsindikiza mpaka barabarani. Sijutii. Ukinirudisha pale leo nitazima tena.

Kinachonisumbua ni kilichobaki kwangu. Kwa sheria yangu ile, video nzima, GB 4.3, iko kwenye diski ya pembeni, sauti na yote. DVD yenyewe ilisomeka kwa shida. Zile za kuchoma nyumbani zinaandikwa kwenye rangi ambayo inafifia na miaka, na ile mikwaruzo ilishaanza kula sura za mwisho. Sitashangaa kama sasa hivi haisomeki kabisa. Mzee wa ukoo aliyesema maneno yale naye ameshafariki. Waliokuwapo wanapungua, na waliobaki kila mmoja anakumbuka kivyake: nimemsikia mama mmoja akisema mtoto yule hakutajwa, alijipenyeza tu. Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba mahali pekee duniani ambapo yale maneno bado yanasikika ni chini ya meza yangu, pembeni ya ndoo ya maji.

Na mtoto mwenyewe yupo. Ana miaka ishirini na kitu sasa, anaendesha bodaboda. Namfahamu kwa sura, tunapungiana mikono.

Je, nimwambie?

Wakati mwingine nasema hapana, na sababu ninazo. Fundi viatu hakuulizi unakokwenda. Fundi cherehani aliyekushonea nguo haendi kutangaza vipimo vyako sokoni. Watu wananiletea misiba yao wakiamini kwamba inaingia kwangu na kutoka bila kuacha mguu. Nikianza kugawa nilichokiona, nani ataniletea tena? Na mama yule aliniamini. Alinieleza neno ambalo sidhani amewahi kumweleza hata mwanawe. Kumpa kijana video ile ni kama kuchukua neno lake na kulitumia dhidi yake.

Halafu usiku, nikiwa nimekwama kwenye sura ya tisa, nageuka. Maneno ya yule mzee yalikuwa ya nani? Hakuyanong'ona. Aliyasema hadharani ili yasikike na yakumbukwe, na alisema kabisa kwa nini anayasema. Hiyo haikuwa siri ya mama, ilikuwa zawadi ya mtoto, iliyotolewa mbele ya kaburi wazi na mashahidi mia. Imetokea tu kwamba aliyelipia mpiga picha ni mama. Sura yangu ikiwa kwenye video ya mwingine, inakuwa mali yake? Mimi nina picha moja tu ya utoto wangu, iliyopigwa studio Bukoba, na ningempiga ngumi mtu yeyote ambaye angeniambia anayo nyingine akakaa nayo kimya.

Mwandishi mwenzangu mmoja nilimweleza, akaniambia mbona sisi waandishi tunakata watu kila siku. Kweli. Kwenye riwaya yangu nimeshamuua shangazi mzima kwa sababu alikuwa anachelewesha hadithi. Lakini shangazi yule hapiti mbele ya nyumba yetu na pikipiki. Hana mama aliyesimama nyuma ya umati akisubiri mwanawe atajwe.

Sheria zipo, nazo nimejaribu kuzitazama. Iko ya Hakimiliki ya mwaka 1999, iko ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Iko Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, inayosema mtoto asinyimwe kunufaika na mali ya mzazi wake aliyefariki. Hii ya mwisho ndiyo inayoniogopesha zaidi, maana inanikumbusha kwamba faili langu siyo kumbukumbu tu. Siku moja mtu anaweza kulihitaji mbele ya baraza. Nikilitoa, naweza kuwa nimeiwasha nyumba ya yule mama. Nikikaa nalo, naweza kuwa nimemfungia kijana mlango wake. Hakuna programu inayoniuliza namba za jambo hili.

Na liko jambo lingine ambalo hatulisemi tunaposifia teknolojia. Mwenye fedha hachagui. Mtu mwenye diski ya terabaiti mbili na simu ya maana anaweka msiba wote, migomba na nyuso, na mtoto wa nje na kila kitu. Akitaka kutazama anatazama, asipotaka anasogeza mbele kwa kidole. Ni huyu wa memori kadi ndogo anayeambiwa achague marehemu wake abaki na uso au abaki na sauti. Ndiye anayelazimika kuja kukaa kwenye kiti changu na kumweleza kijana mwenye umri wa mjukuu wake mahali panapouma, ili ajue wapi azime. Angekuwa na simu yenye nafasi, kisa hiki nisingekijua, na wewe usingekuwa unakisoma.

Sasa nimeanza utaratibu mwingine. Mtu akileta kazi, kabla sijagusa kitu namwambia: kwangu inabaki nakala nzima, ukitaka niifute niambie sasa hivi, nitaifuta mbele ya macho yako. Wengi wanasema iache, bwana, itasaidia simu ikiibwa. Wachache wamesema futa, nikafuta. Yule mama sikumuuliza kwa sababu utaratibu huu haukuwapo. Nimefikiria kwenda kumuuliza sasa. Lakini nitaingiaje uani kwake na kusema nini? Kwamba yale aliyoniomba niyazime bado yanasikika nyumbani kwangu? Labda anajua. Alinitazama nikiipakua, na wala siyo mjinga.

Diski yenyewe imeanza kutoa mlio, ule mlio ambao kila mwenye kompyuta anaujua na kuujaribu kuupuuza. Inabidi ninunue nyingine kabla ya mwaka kwisha, na nitakapohamisha mafaili itabidi nipitie moja moja na kuamua lipi linahama na lipi linazama na jahazi.

Wiki iliyopita yule kijana alisimamisha pikipiki mbele ya nyumba. Alitaka aingiziwe muvi, zile zilizotafsiriwa, za mapigano, siyo za mapenzi. Tukachagua pamoja, tukacheka. Nikamwekea nne, akatoa hela, akatoa flashi akaifuta kwa shati na kuitia mfukoni. Ilikuwa ya GB 16. Baada ya zile muvi nne zilibaki sita.